Pengo Katika Safu ya Kwanza

Ijumaa, Galbet

Na bado nasema chai ya maziwa ya ngamia si chai. Lakini siku tisa za kununiana na Hassan, rafiki yangu tangu shule ya msingi, kwa ajili ya ubishi huo, zimenitafuna. Nakiri hapa tu.

Leo msikitini tulijikuta safu moja, katikati yetu nafasi ya kulaza mbuzi. Imamu akageuka, akaiona, akakataa kuanza swala.

"Zibeni pengo."

Msikiti mzima ukatusubiri. Nikasogea mimi, nisiyewahi kumpisha mtu katika mjadala.

"Walaal, ndugu yangu," Hassan akaninong'oneza, "siku tisa kwa hatua moja?"

Baada ya swala nilikunywa kwake vikombe viwili vya chai hiyo ya ngamia. Ni tamu kweli. Hilo atalisikia siku ya kiyama.