Video ya Godoro

Kwako dada yangu mpenzi,

Hujambo na uchovu wa safari za kufuata mzigo? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imesaidia au imeishia kunukia tu? Huku sote tu wazima. Mwanao Nukta mzima, anakula, ingawa siku hizi anachagua chakula kama mgeni wa hoteli. Mimi pia sijambo, mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe unanizidi maneno, dada. Nikianza tu unacheka, nami nacheka, tunaagana kabla sijasema nililokupigia. Shemeji yako anakuja huko kikazi, atakukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali usiisome dukani mbele ya wateja.

Nilikwambia kwamba muhula huu mwalimu mkuu amenipa somo jipya la darasa la tano, darasa la Nukta, la kuwafundisha watoto kutumia mitandao ya kijamii kwa adabu. Nilipouliza kwa nini mimi, alijibu mbele ya wenzangu kwamba mimi ndiye ambaye simu haitoki mkononi. Wote walicheka, hadi mwalimu wa hesabu, ambaye hacheki hata siku ya mshahara. Wazazi wengine walikuja juu, wakasema tunawafumbua watoto macho mapema. Mkuu akawajibu kuwa macho hayo yalishafumbuka zamani, kwa simu zao wenyewe, wakati wao wako bafuni. Walipoondoka akanigeukia akaniambia nisikosee hata kidogo, maana wale wanangoja.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kila kundi la watoto lina kishikwambi chake, na mimi ndiye niliyewafungulia akaunti za kujifunzia. Niliwafundisha kusoma maoni yao kwa sauti kabla ya kuyatuma: ukiona haya kumwambia mtu usoni, futa. Kuna kijana mmoja tunamwita Wakili kwa ubishi wake. Aliandika kwamba mchoro wa mwenzake unafanana na mbuzi aliyekosa usingizi. Nikamtaka asimame amsomee mwenye mchoro. Alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akafuta, akaandika kwamba masikio ameyapatia. Siku hiyo nilirudi nyumbani najiona mwalimu kweli. Tukajiwekea na sheria ya darasa, kwamba picha ya mtu haiwekwi mtandaoni mpaka aulizwe na akubali.

Sheria hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Jioni moja tulikuwa jikoni, mimi na Nukta, akaniuliza kama sheria ile ni ya watoto tu au na watu wazima. Nikamwambia ni ya kila mtu. Akauliza, "Hata mama?" Nikajifanya natafuta chumvi. Dada, nilikuwa nimeishika chumvi yenyewe.

Wiki iliyofuata nikawaambia watafute kitu wanachokipenda mtandaoni, kila kundi lionyeshe chake ukutani kwa projekta. Kundi la Wakili likaleta video kutoka ukurasa wako wa nguo za watoto. Nakuapia hawakuwa na nia mbaya. Wewe una wafuasi wengi, na wao wanaringa kusoma na mtoto maarufu. Ilikuwa ile ya mwaka juzi, ya asubuhi. Unaingia chumbani na simu mkononi, unavuta shuka kwa mkono mmoja, Nukta amekojoa kitandani, analia na kuficha uso, nawe nyuma ya simu unacheka na kusema godoro limeomba uhamisho.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Kabla sijaona pa kuizimia, Nukta alitoka kwenye kiti chake akaenda kusimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua, ili aizibe. Basi picha ikamwangukia yeye. Ule uso wake mdogo unaolia ukawa unacheza kwenye shati lake jeupe na kwenye shingo, na juu yake uso wake wa sasa, umefumba macho kwa ule mwanga. Watoto walinyamaza wenyewe. Ikabaki sauti yako peke yake, dada, inacheka. Nilichomoa waya ukutani.

Tangu siku ile wakamwita Godoro. Si wote, lakini walitosha. Akaanza kuumwa tumbo kila siku ya somo langu. Nilipomwambia kwamba unakuja Jumamosi hii kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, na kwamba utapiga video, aliniuliza kama anaweza kuwa mgonjwa siku hiyo. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa. Nilijaribu kukwambia kwenye simu. Nilisema mtoto anakua, pengine tupunguze kidogo hizo video. Ukanijibu kuwa video ndizo zinazouza nguo, nguo ndizo zinazolipa ada, na kwamba huyo anapenda kamera tangu tumboni. Nikasema sawa dada. Huo ndio ukawa mwisho wa ujasiri wangu.

Sasa nifike penyewe. Najua ukurasa wako umefungwa. Najua umelia, na wateja wamepotea. Najua pia umewaambia watu kuwa ni kazi ya fundi cherehani mnayegawana naye duka, kwamba ni wivu, na kwamba umemtolea mashine yake nje na salamu hamjibizani. Fundi alinipigia akilia, akaapa kwa wanawe kwamba hajui lolote. Nikamwambia ukweli utajulikana, nikakata simu haraka, maana mimi nilikuwa nimeshaujua.

Si fundi, dada. Ni darasa langu.

Baada ya simu yetu ile, siku moja niliwafundisha la kufanya mtu akiona kitu mtandaoni kinachomuumiza mwenzake. Nikawaonyesha jinsi ya kuripoti, wabonyeze wapi na waeleze nini. Nukta akanyoosha mkono. Nyumbani mimi ni mama mdogo, lakini darasani huniita mwalimu. "Mwalimu, inafanya kazi hata kama aliyeiweka ni mama yako?"

Wote waligeuka kunitazama. Ningeweza kusema tutazungumza nyumbani. Ningeweza kukupigia wakati wa mapumziko. Nilisema, "Ndiyo. Inafanya kazi."

Akachukua kishikwambi cha kundi lake, akaitafuta ile video, akabonyeza. Kisha akawageukia wenzake, walewale waliomcheka, akasema, "Nisaidieni." Wakili ndiye aliyeanza. Wakafuata wengine, kundi baada ya kundi, kimya kama wako kwenye mtihani. Nami nilisimama pale mbele na sikumzuia hata mmoja. Nilidhani itaondolewa video ile tu. Sikujua wenye mtandao watakufungia ukurasa mzima.

Mkuu hajui bado. Akijua, na wale wazazi wakijua, sidhani kama nitabaki na kazi. Hilo linanitia hofu, ila siyo linalonikosesha usingizi. Ninaogopa utakuja kumchukua. Ninaogopa utaamini kwamba nimemfundisha mwanao kukuchukia, na wallahi hakuchukii. Kila jioni ananiuliza kama umepiga simu, na sauti yako ilikuwaje. Darasani jina la Godoro limekufa, na siku ya somo langu tumbo haliumi tena. Lakini halali mpaka ajue kama umekasirika.

Tafadhali mwambie fundi ukweli, umrudishie mashine yake mahali pake. Ukiona vigumu, nitamwambia mimi na lawama nitaibeba mimi. Nisamehe kwa nguo ambazo hazijauzika. Tutakaa tutafute njia, hata kama ni mimi nitakayevaa magauni ya watoto na kupigwa picha.

Jana nilimwambia Nukta kwamba ninakuandikia, na kwamba sitakuficha kitu. Kisha akasema nikwambie uje Jumamosi kama ulivyopanga. Anataka umsuke, kwa kuwa mimi, anasema, navuta nywele kama nang'oa mihogo. Anataka zile nyembamba za kuanzia mbele, ambazo zinakula siku nzima. Nilipomuuliza kwa nini achague za kazi ngumu namna hiyo, alisema kwa sababu hizo mtu hasuki kwa mkono mmoja.

Wasalimie majirani wote, na fundi msalimie wa kwanza. Mungu akulinde njiani. Ukikasirika, njoo na hasira yako hivyohivyo. Tutakuwa barazani tangu asubuhi, na kitana kitakuwa tayari.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mdogo wa Nukta