Joto la Nyika na Joto la Mtoto

Mjukuu wangu Saumu,

Huku Mlalo tu wazima, bibi yako anavuna maharage. Naandika mwenyewe, sitaki msaada. Unauliza kwa nini Dar mnachemka na sisi tumevaa masweta, na jua ni hilo hilo. Ni mlima. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, haishiki joto.

Nililijua hilo kwa woga, mimi niliyefukuza chui kwa jembe. Wakati wa vijiji vya Ujamaa tulishushwa bondeni, kwenye nyika ya joto, na sisi Wasambaa tuliogopa homa ya huko kuliko simba. Mchana mmoja bibi yako akasema, "Baba Zaina, mtoto ni wa moto!" Nikamgusa, moto. Nikagusa ukuta, moto. Shavu langu, moto.

"Ni nyika tu," nikabisha.

"Basi mpandishe mlimani tujue kama ni homa!"

Nikambeba mgongoni, nikapanda. Kwenye migomba ya kwanza upepo wa baridi ukanipiga, jasho likakauka, mikono ikapoa. Mgongo tu ndio ulibaki moto, pale alipolala. Nikakimbilia zahanati ya huko juu nikimwita, naye haitiki. Wakampima, kumbe ni homa kweli, wakamtibu akapona.

Zaina huyo ndiye mama yako. Mwanao akichemka huko Dar, usibishane na mkono wako. Mpeleke apimwe.

Babu yako