Skrubu Yenye Rangi ya Kucha

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nitaanzaje barua kwako bila shikamoo?

Kamera yako imenifikia. Binamu Salimu aliibeba kutoka Tanga, kaizungushia kanga ya Mama. Wewe ulizikwa alasiri ya siku ile ile uliyofariki, mimi niko huku Sydney nahangaikia tiketi. Sikukuwahi, Baba. Nimepata kamera.

Kipima mwanga kilikuwa kimekufa. Nilipofungua penye betri nikakuta ukoko wa kijani, nikausugua kwa siki na pamba, kama ulivyonifunza studioni kwako nilipomaliza darasa la saba. Betri zake za zamani haziuzwi tena. Nikatia zile ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, kama wanazotumia wazee ninaowahudumia kazini. Nikachungulia: mshale ukainuka! Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu jikoni.

Ningeachia hapo. Lakini nikalinganisha na kipima mwanga cha simu, nikaona mshale wako uko nyuma ngazi nzima ya mwanga. Nikasema, uzee huo. Nikafungua kifuniko cha juu, nikakuta kiskrubu kimezibwa kwa tone la kitu chekundu. Nikadhani uchafu. Nikakwangua, nikazungusha mpaka mshale ukakubaliana na simu. Nikajiona fundi.

Siku ya Idi tulikutana bustanini hapa Auburn, watu wa pwani tuliopo, kumi hatufiki. Wanaume kanzu nyeupe pe. Nikawapanga kama ulivyokuwa ukipanga watu, warefu nyuma. Mkanda uliporudi kutoka kusafishwa, kanzu zinang'aa, nyuso giza tupu. Bi Rukia, mama mmoja wa Pangani, akaishika picha: "Zuhura mwanangu, kanzu nimeziona. Wenyewe wamekwenda wapi?" Wakacheka, nami nikacheka. Nyumbani nikalia.

Maana nilikumbuka. "Mashine hii haitujui sisi," ulikuwa ukisema. "Ikiona kanzu inadhani mwanga umezidi, inabana. Mtu hakuja kupigwa picha ya kanzu." Uliurudisha mshale nyuma makusudi, Baba, kwa ajili yetu. Na lile tone ni rangi ya kucha ya Mama, ile aliyopaka siku zake za kutoswali tu. Uliazima kichupa chake ili skrubu isicheze.

Picha yako sina hata moja. Siku zote ulikuwa nyuma ya kamera. Kilichobaki cha mkono wako ni skrubu ile, na mimi nimeikwangua.

Nimeirudisha, ngazi moja nyuma ya simu. Kama ndipo hasa ulipoiacha, sijui. Hilo linaniuma mpaka leo. Nikaenda kununua rangi nyekundu, mimi na udhu wangu, sijapaka kucha tangu harusi yangu. Msichana wa dukani akasema itanipendeza. Sikumwambia ni ya skrubu. Nikaweka tone moja. Rangi kidogo ikanigusa kidole, nikaikwangua kabla ya adhuhuri.

Ijumaa iliyopita nikawapanga tena, kanzu zile zile. Picha zimekuja jana. Bi Rukia kaitazama yake muda mrefu. "Haya, huyu ndiye mimi," akasema, "na makunyanzi yangu yote." Nikampigia Idrisa, mjukuu wako aliye Perth, nimweleze habari yote, skrubu, rangi, bibi yake. Akasikiliza, akanijibu, "That's nice, Mum." Vizuri, Mama, basi. Mtoto mzuri, ana kazi zake. Basi nikakata simu nikatafuta kalamu, maana wa kuielewa habari hii ni wewe.

Skrubu sitaigusa tena, wala sitampa fundi airekebishe. Nitawapiga picha watu wetu waonekane nyuso, kila Idi nitakayojaaliwa. Na Yasini yako ipo kila usiku wa kuamkia Ijumaa.

Pumzika, Baba. Mola akutilie nuru kaburini, iutoshe uso wako.

Mwanao,
Zuhura