Choo cha Mama Kimehamishwa Tena

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamrushia mtu mwiko wa saruji. Mimi ni fundi ujenzi na ni kitinda mimba, namjengea mama nyumba ndogo kwa sababu anatembelea magongo na kwa dada anakokaa sasa ni ghorofani, na ramani tuliyokubaliana wote ilikuwa rahisi, akitoka kitandani hatua nne yuko chooni, hakuna ngazi wala kona, basi kuta zimeshasimama ndipo dada akaja na chaki yake akachora mlango mwingine ukutani ili kabati lienee, akasema ni kitu kidogo tu, nikabomoa, wiki iliyofuata kaka akataka dirisha pana, kitu kidogo tu, nikabomoa, kisha shemeji akaona sebule imebana, choo kikasogezwa nyuma, na huko nyuma ardhi iko juu, kwa hiyo sasa kuna ngazi tatu. Mama anahamia mwisho wa mwezi. Jana dada kaniuliza mbele ya vibarua, "We fundi gani, unamwekea mama ngazi?" Nimekasirika sana. Niwaachie nyumba yao?

Fundi wa Kubomoa

Fundi, pole, na sasa nisikilize. Dada yako amekuvunjia heshima, na amesahau chaki ilikuwa ya nani. Lakini nyundo ilikuwa mkononi mwa nani? Kila walilosema uliitikia "sawa" kama mtoto anayetumwa dukani. Wewe ndiye uliyejua kwamba ukisogeza hiki na kile kinasogea, ukanyamaza, leo unanililia mimi. Hilo linanikera kuliko chaki zao.

Usiache kazi. Isimamishe leo, ubandike ramani ya kwanza ukutani. Kuanzia sasa anayetaka badiliko aliandike kwenye daftari, wewe uandike chini yake litavuruga nini na litakula siku ngapi, na wote watatu wasaini ndipo uguse nyundo. Mambo ya kuwa kitinda mimba yaache nyumbani, kazini wewe ni fundi.

Tena, nimesoma barua yako mara mbili, sijaona mahali mama alipoulizwa. Jumamosi mlete. Weka kiti pale kitanda kitakapokaa, waite dada, kaka na shemeji yako, halafu mwombe mama aende chooni. Wewe kaa nyuma yake asije akaanguka, wengine watazame kimya. Akifika kwenye ngazi ya kwanza akasimama, msogezee kiti, umpe yeye chaki.