Mama Pembeni ya Kimondo

Baba yangu mpendwa,

Huko uliko sijui kama barua zinafika, ila hii lazima niiandike, maana umenichosha.

Mama amefariki. Tumemzika Mlowo, karibu na kaburi lako. Kabla ya maziko mchungaji aliomba kitu kidogo tu, picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Nikasema hiyo haina shida, baba yetu alikuwa na kamera miaka yote. Nikafungua sanduku lako la picha.

Baba! Jiwe la Kimondo, Mama yuko kule mwisho, mdogo kama kidole. Ghala la kahawa, Mama mlangoni, kivulini. Stesheni ya reli Tunduma, Mama ng'ambo ya pili ya reli. Geti la mpakani, Mama nyuma ya lori. Ulitupeleka kote huko Jumapili baada ya ibada, viatu vinatubana, ukatueleza jiwe lilivyoanguka kutoka juu na ghala lilivyojengwa, kisha ukamwambia Mama, "Simama pale, watu wajue ukubwa wake." Tulikucheka nyumba nzima. Tulisema umeoa rula.

Hata picha ya pasipoti hakuwa nayo. Alivuka kwenda Nakonde kuuza maharage kwa kujulikana sura tu, Wazambia wakimwita Bamayo, yaani mama kwa lugha yao.

Nilipanda gari hadi Tunduma na zile picha. Fundi wa picha akaangalia ile ya Kimondo, akaniuliza, "Dada, marehemu ni yupi?" Alijaribu kuikuza. Uso ukawa nukta nukta.

Nikarudi msibani nimekasirika, nikazimwaga picha mkekani. Ndipo balaa likaanza. Waombolezaji wakazigombania! Mmoja anasema ghala lile lilikuwa na mlango upande wa barabara, mwenzake anabisha. Wengine wanahesabu maduka yaliyokuwepo mpakani kabla biashara huria haijaruhusiwa. Mama yangu amelala ndani, watu wanabishania mlango wa ghala. Nikapiga kelele, "Huyu mzee alipenda majengo kuliko mke wake!"

Mama mdogo Rehema akanishika mkono, akanitoa hadi nyuma ya jiko.

"Unamsema baba yako kwa kitu usichokijua," aliniambia. "Dada yangu aliungua shavu na mafuta ya taa akiwa msichana. Siku ya harusi alikataa kabisa kamera. Baba yako alibembeleza mpaka akachoka. Mwisho akamwambia, basi twende tukapige picha ya Kimondo, wewe simama tu pembeni. Hapo ndipo akakubali."

"Na hayo majengo mengine?"

"Kila akitaka picha ya mkewe, alitafuta jengo."

Baba, lile kovu tulizaliwa tukalikuta. Tulilizoea hata hatukuliona tena. Haikunipitia akilini kwamba yeye alikuwa akiliona kila siku.

Tuliweka ile ya Kimondo, vilevile ilivyo. Watu walipopita kuaga walilazimika kuinama na kusogeza uso ili wamwone. Nilisimama pale nikiwaonyesha kwa kidole: huyu hapa, mwenye kitenge. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira na wewe kuliko asubuhi.

Kwa nini hukusema? Ulikaa mezani miaka yote, sisi tunakuita mume wa mawe, na wewe unacheka nasi. Najua, kama ungesema ungelazimika kulitaja kovu mbele yake. Najua. Lakini mimi ni mwanao wa kwanza, ungenivuta pembeni hata siku moja, shambani, ukaninong'oneza. Sasa nikuombe radhi wapi?

Msalimie Mama. Mwambie kwenye ile picha alipendeza, na kama atabisha, wewe mbembeleze, ndiyo kazi yako.

Ni mimi binti yako mkubwa, niliyekucheka kuliko wote.