Fomu Yangu Ilijazwa na Nyumba Nzima

Mpendwa mshauri, najua ukurasa wako umezoea wachumba waliokimbia na mawifi wenye gubu, lakini mimi naomba msaada wa jambo la chuo, na nakuomba unijibu haraka kwa sababu mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu saa nne asubuhi, na baada ya hapo chuo kitanipangia chenyewe fani yoyote yenye viti vitupu.

Mimi ni msichana wa mwaka wa pili. Chuoni kwetu tunasoma wote pamoja masomo ya msingi, halafu mwaka wa pili unaisha kwa kuchagua fani utakayokwenda nayo hadi kuhitimu, na kabla ya kuchagua ni lazima upite kwa mshauri wa kazi, mzee mmoja ambaye ofisi yake ipo chini ya ngazi karibu na stoo ya viti vibovu, tunamwita Bwana Kwanini kwa sababu ukimwambia chochote anakuuliza kwa nini. Yeye alinipa fomu ya kurasa tano, maswali sitini, ya kujua mtu anapenda nini, anaweza nini na anaogopa nini, akasema niijaze nikiwa nimetulia.

Sasa mshauri, kwetu karatasi haijazwi na mtu mmoja. Iwe ya hospitali, iwe ya kuunganishiwa maji, inawekwa mezani baada ya chakula, baba anasoma kwa sauti na nyumba nzima inajibu, ndivyo tulivyolelewa, kwa hiyo na hii niliiweka mezani. Baba, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, akasoma swali la kama unapenda kufanya kazi na watu au peke yako, akasema, "Andika peke yangu, watu wana maneno mengi," nikaandika. Shangazi, ambaye ni muuguzi na anaishi na sisi, alipofikiwa na maswali ya damu na vidonda alininyang'anya kalamu kabisa akaweka tiki kwenye "hainisumbui" kote, wakati mimi nikichomwa sindano huwa natazama ukutani. Kaka yangu akajibu ya muda wa mapumziko, yote matatu akaandika kulala. Cha kuchekesha zaidi ni mama, fundi cherehani, ambaye aliomba ukurasa wa nne aujaze mwenyewe, akavaa miwani, akakaa nao karibu nusu saa huku vyombo vikimsubiri, na penye swali la unaogopa nini kazini akaandika kwamba anaogopa kuinama siku nzima mpaka mgongo ukatae kunyooka, na kufanya kitu kizuri kisichoonwa na mtu. Mimi niliandika jina na namba ya usajili.

Bwana Kwanini aliisoma yote mbele yangu, polepole, akasema, "Binti, hapa nina dereva, nina muuguzi, nina mvivu mmoja, na ukurasa wa nne nina mtu mwenye akili sana. Wewe uko wapi?" Nikamwambia zote ni zangu. Akasema, "Hutaki watu, unapenda wagonjwa, unapenda kulala na mgongo unakuuma. Una miaka ishirini. Kwa nini?" Nilikasirika, mshauri wangu, maana mlango wake haufungi vizuri na wenzangu kwenye foleni walisikia wakacheka, nikamwambia basi nitajie tu kazi inayonifaa, si ndiyo kazi yako, akasema hapana, akaniuliza ni shughuli gani mara ya mwisho ilinisahaulisha kula, nikaona hana la maana nikanyamaza, akanipa fomu nyingine tupu. Mimi naona hizi ofisi za ushauri wa kazi ni kupotezeana muda tu, mtu unamfuata akupe jibu naye anakugeuzia swali.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Shangazi anasema uuguzi na ameshanipa sare yake ya zamani niipunguze. Baba anasema nisomee usafirishaji nikawapangie madereva safari, kwa sababu wanaowapangia sasa hawajawahi kushika usukani. Mama anaendelea na cherehani yake. Nami kila mmoja akizungumza naona ana haki. Wewe umesoma barua za watu miaka mingi na unawajua watu, kwa hiyo ile fomu tupu nimeitia humu kwenye bahasha, naomba unijazie, hata kwa penseli, mimi nitapitishia wino.

Ni mimi, Wa Mwaka wa Pili.

*

Wa Mwaka wa Pili,

Ukurasa huu ninao mwaka wa kumi na tisa. Nimeombwa kuchagua majina ya mapacha, nimeombwa kuamua kabati libaki kwa nani baada ya talaka. Kumjazia mtu mzima fomu inayomuuliza yeye anapenda nini, hilo sijawahi kuombwa. Nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaisoma barua mara ya pili na kicheko kikaniisha.

Unasema Bwana Kwanini hana la maana. Binti, mzee huyo amesoma kurasa tano akakutafuta asikuone, na hilo limemchukua dakika chache. Nyumbani kwenu mlikaa meza moja hadi swali la sitini na hakuna aliyegundua kwamba hukuwemo. Kazi yake ameifanya barabara. Ulitaka akutajie fani kama anayekupa dawa ya minyoo, umeze uende zako, na siku mambo yakiharibika useme ni yule mzee wa chini ya ngazi. Tusidanganyane. Unachotafuta ni mtu wa kumbebesha lawama, na foleni ya watu hao uliianzia mezani kwenu. Mimi ningekuwa wa tano kukujazia.

Unadhani barua zangu zote ni za wachumba? Nyingine ni za watu wenye wajukuu. Mwezi uliopita ameniandikia muuguzi mmoja ambaye ikifika saa ya kufunga vidonda anajificha stoo ya mashuka. Aliingia kazini kwa sababu dada yake aliipenda sare. Anasema wagonjwa wameshamjua, wanamwomba mwenzake. Mgonjwa anaujua mkono usiotaka kumgusa. Na wewe, unayetazama ukutani kwa sindano moja, umekaa kitako unapunguza sare ya shangazi.

Nikwambie na la kwangu. Nikiwa na umri wako nilijiandaa kuwa karani wa mahakama kwa sababu rafiki yangu alikuwa anakwenda huko. Mama mmoja wa ofisi kama hiyo akaniuliza kwa nini mara nne. Ya nne nililia, nikamwona mchawi. Kisha akanipeleka nikakae siku moja na karani na siku moja chumba cha habari, na sikurudi tena kwa karani. Mama huyo hadi leo sijamwambia asante, na ni aibu yangu. Hao watu hawana kazi mfukoni za kugawa. Wanakukalisha na maswali mpaka ukome kusema ya wengine, halafu wanajua fani ipi inadai nini na nani wa kukuonyesha. Ukiwapelekea ya shangazi watakushauri kana kwamba wewe ndiye shangazi.

Lakini lililoniudhi kuliko yote ni mama yako, ambaye umeniandikia kama kichekesho. Miwani, nusu saa, vyombo vinasubiri. Mwanamke huyo aliomba ukurasa kwa sababu maisha yake yote hakuna aliyemuuliza. Hata baba yako hakuulizwa na mtu kabla hajapanda lori. Maswali yalipofika mezani waliyarukia, na siwalaumu hata chembe, nilitamani hata kuwakumbatia. Wewe ndiye uliyeulizwa, kwa maandishi, maswali sitini, ukayagawa kama karanga.

Basi sikiliza, na uache kununa. Sare irudishe ikiwa imekunjwa vizuri, umwambie shangazi asante na hapana, yote mawili. Jumatatu mapema uwe chini ya ngazi. Mwombe mzee radhi, umtajie kila ukurasa ni wa nani. Lile swali la kusahau kula ulilomnyamazia, mjibu, hata kama jibu ni la kipuuzi. Mwombe akupeleke ukakae na watu kazini kabla ya Ijumaa, wodini pia, kwenye usafirishaji pia, ili ya nyumbani uyakatae au uyakubali ukiwa umeyaona kwa macho. Fomu isifike nyumbani, ibaki chuoni. Ijazie koridoni, magotini ikibidi. Baba akitaka kujua umeandika nini, mwambie utamsomea ikishapigwa muhuri. Atanuna, ndiyo. Atanuna wiki moja, na wewe kazi utaifanya miaka arobaini. Na mama mtolee nakala tupu yenye jina lake juu, aijaze yote, na siku hiyo vyombo uoshe wewe.

Fomu uliyonitumia ipo mapokezi hapa gazetini, sijaigusa hata kwa penseli, njoo uichukue. Swali la kwanza linauliza unapenda kufanya nini. Kama hujui, andika sijui, kwa wino, kwa mkono wako. Litakuwa jibu lako la kwanza tangu haya yaanze, na yule mzee atapata pa kuanzia.