Mrehani Wenye Kiu

Jumatatu, 3 Februari

Wiki ya sita ya jaribio. Safu ya kushoto ya mirehani barazani inakunywa kila siku. Ya kulia, kikombe kimoja kwa wiki. Majani ya kulia yamekuwa madogo, yamejikunja, hoi — lakini yaguse uone! Harufu inapanda hadi utosini. Mmea ukibanwa na kiu unajitengenezea kinga, na kinga yake ndiyo dawa yetu. Nikilithibitisha hilo, nahitimu. Nikishindwa, mwaka mzima umekwenda na maji.

Mama mkwe amefika leo, atakaa wiki moja. Amechungulia barazani, akaguna. Sikuupenda ule mguno.

Jumanne, 4 Februari

Safu ya kulia imechangamka! Nimetia kidole kwenye udongo — chepechepe. Nimembana mume wangu, ameapa si yeye. Kumbe mama yake! Eti ameona haya, watu watasema mwanawe kaoa mvivu.

Mama mkwe hafokewi. Nimemshukuru, kisha nikaenda chooni kulia.

Jumatano, 5 Februari

Afadhali! Vyungu sita vya kiu vilikuwa dirishani chumbani kwetu, hakuvifikia. Vinatosha, ila ndivyo pekee. Msimamizi wangu wa chuo anakuja Ijumaa kuchukua majani ya kupima maabara.

Nimemkalisha Mama nikamweleza polepole: kiu inaukaza mmea, dawa nyingi ndani ya jani dogo. Amesikiliza kwelikweli. Akauliza: kwa hiyo hii ya chumbani ndiyo dawa hasa? Ndiyo hasa, Mama! Tumeelewana. Roho yangu kwatu.

Ijumaa, 7 Februari

Msimamizi amewahi, mimi bado niko njiani na mifuko ya sampuli. Naingia mbio — yuko sebuleni, kikombe mkononi. Mafua yamembana tangu juzi, na Mama kamwonea huruma. Ananinong'oneza kwa fahari: mgeni wako nimempa ile kali, mwanangu, si ile iliyolewa maji.

Nimekimbilia chumbani. Vyungu sita, vijiti vitupu. Hata jani moja!

Narudi sebuleni. Msimamizi anavuta pumzi kwa matundu yote mawili ya pua, machozi yanamtoka. Anasema tangu aanze kazi hii hajakutana na mrehani mkali namna hii! Ameomba kikombe cha tatu. Kisha kafungua daftari: haya, tuyaone hayo majani yenyewe.

Nimeomba dakika mbili. Naandika haya chooni. Mama anagonga mlango — anauliza majani yaliyobaki birikani ayamwage au — Usiyamwage, Mama!